Mdogo wangu anataka kusomea matumbawe na sisi ni watu wa Dodoma, hii kazi ikoje jamani?

Dada_Majengo:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu maana nyumbani kumechafuka. Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, kamaliza kidato cha sita PCB na matokeo mazuri tu, mzee alishajipangia kichwani kwamba huyu ni daktari, ikishindikana basi mfamasia. Sasa binti kaja na lake, anasema anataka kusomea viumbe wa baharini, na sio samaki hivi hivi, anataka MATUMBAWE. Sisi asili yetu Mpwapwa, tunaishi hapa Dodoma mjini, maji mengi tuliyozoea kuyaona ni Hombolo na Mtera. Bahari aliiona Bagamoyo kwenye safari ya shule na tangu hapo hashikiki, usiku kucha anaangalia video za watu wanazamia na bando linaloisha ni langu.

Mzee anasema Mgogo na bahari wapi na wapi. Mama yeye anasema tu mtoto atazama. Mimi niko katikati na ndo nitakayembebea gharama ndogo ndogo kwa haka kaduka kangu ka steshenari, kwahiyo kabla sijaanza kumtetea mbele ya wazee nataka nijue natetea nini. Hawa watafiti wa matumbawe wanafanya nini hasa siku kwa siku? Ajira ipo au ndo kuzunguka na maandiko ya miradi hadi uzeeni? Hajui kuogelea kabisa, hiyo ni shida kiasi gani? Halafu nasikia matumbawe yenyewe yanakufa dunia nzima, sasa si utakuwa unasomea kitu kinachokwisha?

Wenye uzoefu tafadhali. Wale wa "mwambie aolewe" uzi mwingine upo.

Simba_wa_Nkuhungu:

Kwani perege wa Hombolo wamekosa nini jamani, mbona nao wanahitaji mtafiti 😂😂

Ila siriasi dada, siku hizi hata daktari anamaliza chuo anakaa mtaani anarifreshi ajira portal. Hoja ya mzee ya "udaktari una uhakika" imeshapitwa. Mwache asome anachokipenda.

Mtoto_wa_Kibaigwa:

Mbukwa dada. Mimi ni wa Kibaigwa hapo Kongwa, nyumbani ni mahindi na alizeti mwanzo mwisho, na kazi ninayofanya sasa hivi ndo hiyo hiyo anayoitaka mdogo wako, kwahiyo ntakujibu ninachokijua mwenyewe. Ni ndefu vumilia.

Kwanza mwondoe kwenye zile video. Kukaa chini ya maji ni sehemu ndogo sana ya hii kazi. Ni kweli tunazamia, na ni raha sitakudanganya, ila hata fildi yenyewe unachagua majira, kaskazi ikitulia maji yanakuwa safi unaona mbali, kusi ikivuma mnaweza kukaa kisiwani mnacheza bao nahodha kagoma kutoka na haki anayo. Siku ikiwa nzuri mnapakia mitungi ya hewa asubuhi mnaenda kwenye mwamba ULEULE mliopima mwaka uliopita na mwaka juzi, hapo ndo siri ya kazi yote ilipo, mnatandaza tepu ya mita 50 chini, mmoja anatangulia kuhesabu samaki kabla hawajatawanyika, kila anayeingia kwenye ukanda wa upana wa mita 5 anaandikwa jina lake na urefu wa kukadiria kwa macho, changu, pono, kangaja, chewa kama mna bahati. Anaandika kwa penseli kwenye ubao wa plastiki maana penseli inaandika hata majini. Mwingine yuko nyuma anapiga picha za chini kufuata tepu, au anasoma tu chini ya tepu kuna nini, tumbawe hai, tumbawe mfu, mwani, mchanga, kifusi cha matumbawe yaliyovunjika. Mnapanda juu, mnapumzika, mnashuka mwamba wa pili. Jioni wakati watalii wanapiga picha za jua nyie mnaosha vifaa kwa maji ya kisima na kuingiza namba kwenye kompyuta kabla hamjasahau mwandiko wa nani ni upi.

Halafu mnarudi na ndo kazi inaanza. Picha ni maelfu, unaweka vitone juu ya kila picha na kutaja kila kitone kimeangukia nini, siku hizi kuna programu za akili mnemba zinasaidia ila zinakosea na lazima mtu mwenye macho aliyezoea apitie. Baada ya hapo takwimu, wengi tunatumia programu inaitwa R ambayo ni ya bure. Halafu kuandika, kutuma kwenye jarida, kukataliwa, kuandika tena. Halafu kuomba hela ya mwaka kesho. Mtu asiyependa hesabu na kuandika atateseka hata kama anaogelea kama kibua.

Sasa swali lako la kitu kinachokwisha, hili ni la maana kuliko yote.

Tumbawe ni mnyama, wala sio jiwe, jiwe ni nyumba anayoijenga. Ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ni kama mpangaji anayelipa kodi kwa chakula, anatengeneza sukari kwa mwanga wa jua na sehemu kubwa anamwachia mwenye nyumba. Rangi nyingi unazoziona zinatokana na huyo. Maji yakipata joto nyuzi 1 tu zaidi ya kawaida ya mwezi wa joto kuliko yote na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linamfukuza, linabaki jeupe pee. Ndo tunaita kupauka. Likipauka halijafa, lina njaa. Joto likishuka mapema linarudi, lisiposhuka linakufa na mwani wa nje unalifunika. Kuna hesabu wanajumlisha joto la ziada wiki kwa wiki, ikifika 4 unategemea kupauka, ikifika 8 unategemea vifo vingi. Hiyo ramani NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, wanaitoa bure mtandaoni, joto wanalipima kwa satelaiti, mdogo wako anaweza kuifuatilia akiwa hapo hapo Majengo. Kwetu huku hatari iko mwezi wa tatu na wa nne.

1998 mwaka wa El Nino Bahari ya Hindi ilipigwa vibaya, Tutia kule Mafia ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Ikaja tena 2016. 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia iko kwenye kupauka kwa nne kwa kiwango cha dunia nzima. Na kuna utafiti ulitoka mwishoni mwa 2021 ukiongozwa na David Obura wa Mombasa, walipima miamba yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi kwa kanda 11, wakakuta zote ziko kwenye hatari ya kuanguka ndani ya miaka 50 tukiendelea hivi.

Ila sasa sikiliza. Haifi yote sawa. Mwamba huu unapauka, wa kilomita chache pembeni umepona, kwanini? Hilo swali peke yake linalisha watafiti. Tim McClanahan ambaye kapima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, yeye na wenzake mwaka 2020 walieleza kwamba ukanda wa kutoka Shimoni Kenya kushuka Tanga na Pemba hadi upande wa Dar una maji ya kina yenye ubaridi, matumbawe ya pale yanapata kahifadhi fulani na joto. Sasa kama serikali ina hela ya kulinda sehemu chache, inalinda zipi? Jibu linatoka kwa watu waliokaa wanapima mwamba uleule miaka na miaka. Huyo Obura mwenyewe shirika lake la CORDIO lilizaliwa baada ya ile 1998, watu walitaka kujua nini kimetokea, na tangu 2023 ndo mwenyekiti wa IPBES, lile jopo la kimataifa la bioanuwai. Kazi yake imekua kutokana na matumbawe kufa, inasikitisha lakini ndo ukweli.

Kuogelea atajifunza. Mimi nimejifunza nikiwa chuoni mtu mzima na ndevu, watoto wa Unguja wa miaka sita wananicheka. Hoteli zenye bwawa hapo Dodoma zipo, alipie mwalimu. Kozi ya kuzamia inakuja baadaye sana na mara nyingi mradi au chuo kinalipia.

Moja la watu wa bara ambalo hawa wa pwani hawalijui: Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukizamia asubuhi Dar usije ukapanda SGR jioni kurudi nyumbani, masaa matatu na kitu uko juu na ile naitrojeni bado imo mwilini, inaweza kukuletea matatizo makubwa kwenye viungo na hata mishipa ya fahamu. Lala Dar, panda kesho. Mwambie mama hilo moja kwa moja ajue kwamba hii fani ina sheria za usalama na watu wanazifuata.

Dada_Majengo:

Mkuu wa Kibaigwa Mungu akubariki, nimemsomea mzee mpaka sehemu ya mpangaji na mwenye nyumba akacheka, sasa anauliza na huyo mpangaji akifukuzwa anaenda wapi 😂. Binti yeye amenuna kidogo uliposema vitone juu ya picha.

Mpangaji anaenda wapi kweli?

Mtoto_wa_Kibaigwa:

Mwambie mzee anatolewa nje majini, anapeperuka na maji. Na joto likishuka tumbawe linaweza kupata mwani mwingine au wale wachache waliobaki ndani wakazaliana. Kuna aina za huo mwani zinavumilia joto kuliko nyingine, hapo napo kuna watu wamejenga maisha yao yote ya utafiti. Mzee ana swali zuri kuliko baadhi ya wanafunzi.

masta_bila_kazi:

Nisiwe mchawi ila mtu aseme na upande huu. Nina masta ya mambo haya haya na naandika hapa nikiwa nauza vifaa vya simu Kariakoo. Nafasi za serikali ni chache, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), vyuo, hifadhi za bahari, maafisa uvuvi halmashauri, na zikitoka mnajazana mamia, usaili wenyewe mara nyingi mnakuja kuufanyia huko huko kwenu Dodoma, nauli juu yako. Miradi inaajiri kwa mkataba, mradi ukiisha na wewe umeisha. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja siitaji, nimekusanya data mwaka mzima, andiko limetoka jina langu liko kwenye shukrani tu.

Simkatishi tamaa binti. Ila aingie macho wazi na awe na kitu cha pili mkononi. Takwimu, ramani za GIS, droni, kitu ambacho hata benki au kampuni ya mazingira itamtaka.

Mtoto_wa_Kibaigwa:

@masta_bila_kazi pole kaka, hilo la jina kwenye shukrani linauma na lipo sana. Mdogo wake dada ajifunze mapema kuuliza KABLA ya kuanza kukusanya data, majina ya waandishi yatakaaje, na awe na ujumbe wa maandishi. Wakubwa wazuri hawakasiriki ukiuliza.

Na hilo la GIS nakubaliana nawe mia kwa mia.

Nahodha_Kilindoni:

Assalam aleikum. Mimi si msomi, mimi ni mtu wa Mafia nimewabeba hawa watafiti kwenye boti tangu wengine wakiwa wanafunzi hadi wamekuwa madokta. Nasema machache.

Hifadhi ya bahari ilikuja kwetu 1995, ya kwanza Tanzania. Wazee walikasirika, wewe umezaliwa unavua pale babu yako kavua pale leo mtu anaweka alama anasema hapa marufuku. Maneno yalikuwa mengi. Lakini baruti pia tuliijua, mtu anatupa bomu moja anaokota samaki dakika kumi na mwamba uliokuwa unalisha kijiji unabaki changarawe, na matumbawe yale ya pembe pembe tu ndo yanakua haraka, yale makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita 1 kwa mwaka, sasa wewe piga hesabu lile la ukubwa wa gari lina umri gani. Miaka hii baruti imepungua sana. Kokoro, ule wavu wa kukokota, bado lipo usiku usiku.

Ninachotaka kumwambia binti ni hivi. Watafiti wa aina mbili nimewabeba. Kuna anayekuja anashuka anapima anapanda anaondoka, kijiji hakijui kapata nini. Na kuna anayekaa barazani jioni anarudi mwaka unaofuata na karatasi anasema jamani tulipima hivi, tumekuta hivi. Huyo wa pili ukimwambia "tumbawe la pale lilianza kuwa jeupe kabla ya mwezi mfungo" anaandika. Sisi tunaona kabla ya hizo satelaiti, tuko pale kila siku.

Halafu ni mwanamke, hiyo ni faida kwake. Wanaochokoa pweza kwenye mwamba maji yakitoka bamvua wengi ni wanawake, na mambo mengi hawamwambii mwanamume mgeni. Vijiji vingi sasa wanafunga sehemu ya mwamba kama miezi mitatu pweza wakue, Pemba kule Kisiwa Panza wamefanya, na Unguja upande wa kusini. Siku ya kufungua ni sherehe. Sasa wa kupima kama kweli inasaidia au tunajidanganya ni nani? Si ndo hao kina binti yako. Akija Mafia ajifunze kusalimia kwanza, mengine tutamfundisha.

Dada_Majengo:

Waaleikum salaam nahodha, shikamoo. Hii ya pweza kufungiwa nimeipenda, na binti ndo kaipenda zaidi ananiuliza wanajuaje miezi mitatu inatosha.

Nahodha_Kilindoni:

Marahaba. Pweza anakua haraka mno, haishi muda mrefu, mwaka mmoja na kitu keshazaa keshakufa. Ukimwacha miezi michache tu uzito unapanda sana. Chewa huwezi kumfanyia hivyo, chewa anataka miaka.

maji_na_udongo:

Mimi nataka kumjibu huyo mzee wa "Mgogo na bahari wapi na wapi" maana hiyo ndo hoja niliyoisikia maisha yangu yote na haina mashiko kabisa. Nafanya kazi za mabonde ya maji hapa hapa Dodoma.

Mwambie mzee autazame mto Kinyasungwe. Maji yanayokusanyika Hombolo yako kwenye mto huo, ukifurika unashuka kuelekea Mpwapwa yenu hiyo hiyo, unaingia Mkondoa, unakuwa Wami, Wami unamwagika Bahari ya Hindi jirani na Saadani. Na Mtera nayo, Ruaha Mkuu unaenda Rufiji, unapita bwawa la Nyerere, delta yake ina mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya pwani ya Afrika Mashariki, na ukitoka deltani mbele yako ni Mafia kwa huyo nahodha. Kwahiyo shamba la mtu linalomomonyoka Mpwapwa sio habari ya Mpwapwa peke yake. Matope yakifika baharini yanaziba mwanga na kuyafukia matumbawe. Mikoko na nyasi bahari zinachuja kiasi, na ndo maana mtafiti wa matumbawe asiyejua mikoko ni nusu mtafiti, samahani kwa wahusika.

Na hii sasa ndo inanifurahisha. Tumbawe kubwa la mviringo likikatwa lina mistari ya mwaka kwa mwaka, wanalitoboa kama fundi wa visima wanatoa nguzo nyembamba wanasoma. Malindi Kenya walichukua tumbawe lenye historia ya miaka kama 300, wakapima bariumu ndani yake maana bariumu inakuja na udongo wa mtoni, mto Sabaki. Andiko lilitoka 2007. Wakakuta kuanzia 1700 hadi 1910 matope yako karibu palepale, baada ya 1910 yanaanza kupanda na hayarudi nyuma, kilele ni katikati ya 1974 na 1980. Yaani historia ya mashamba ya bara la Kenya imeandikwa ndani ya mnyama wa baharini. Sasa nani aliye na nafasi nzuri ya kuielewa data ya namna hiyo kama sio mtoto aliyekulia kwenye makorongo ya Dodoma akayaona kwa macho?

Kisasa_B:

Mkuu na ule mmomonyoko wa Kondoa je, ule ndo ulikuwa mbaya kuliko yote, nao unafika baharini?

maji_na_udongo:

Hapana, Kondoa sehemu kubwa ni mto Bubu, na Bubu unaishia Bahi, bonde limefunga halina pa kutokea. Matope ya Kondoa yanabaki humu humu bara.

Ila Kondoa ina somo lingine. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 wakaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika. Uoto ulirudi kweli, nenda Kondoa utaona, lakini wafugaji wenye ng'ombe wao ndo waliobeba gharama. Sasa soma tena alichoandika nahodha kuhusu 1995 Mafia halafu uniambie kuna tofauti gani. Nani anafungiwa, kwa muda gani, anapata nini wakati anasubiri. Mdogo wake dada aende kwanza akaongee na wazee wa Kondoa waliokuwepo, atafika kwenye bahari akiwa na maswali ambayo wenzake wa pwani hawana.

Simba_wa_Nkuhungu:

Uzi nilikuja kucheka naondoka nimesoma, hii nchi bwana.

Mtoto_wa_Kibaigwa:

@maji_na_udongo umenikumbusha kwanini naipenda hii kazi.

Dada turudi kwenye njia ya kusoma maana muda wa kuomba vyuo unakimbia. PCB inamfaa vizuri. UDSM wana skuli ya sayansi za maji na uvuvi, kampasi ya Kunduchi, iko ufukweni kabisa. SUA Morogoro wako zaidi kwenye ufugaji wa samaki. SUZA Zanzibar nao waangalie. Akiona digrii ni mlima kuna chuo cha uvuvi FETA, Mbegani pale Bagamoyo, stashahada na astashahada, wanatoka watu wa vitendo kwelikweli na baadaye anaweza kuendelea. Hata akichukua baiolojia hapo hapo UDOM akakaa nyumbani bado hajapotea, mimi nina wenzangu waliopita baiolojia ya kawaida wakaingia matumbawe kwenye masta. Mkopo wa bodi aombe kama wengine. Kwenye masta na PhD ndo utasikia IMS, taasisi ya sayansi za bahari ya UDSM iliyoko Zanzibar, Buyu, na hapo mara nyingi ni fedha za miradi. WIOMSA nao makao yao Zanzibar, ni chama cha wanasayansi wa bahari ukanda wetu wote huu tangu 1993, wana misaada ya utafiti ikiwemo midogo inayowafaa vijana na mkutano wao mkubwa kila baada ya miaka miwili. Mwanafunzi akipata nafasi ya kwenda hata kubeba mabango aende.

Na asijifungie kwenye tumbawe peke yake. Nyasi bahari, mikoko, mwani. Angalia Dk Flower Msuya, kafanya utafiti wa kilimo cha mwani Zanzibar miaka mingi mno, wakulima wengi ni wanawake, maji yakawa ya moto mwani ukaanza kuugua na kukatika, yeye akawa anahangaika nao kutafuta namna ya kulima maji ya kina na kuongeza thamani, sabuni na kadhalika. Ile nayo ni ekolojia ya pwani na mtu wa kawaida anaona matunda yake.

masta_bila_kazi:

Hapo kwenye mwani na mikoko naunga mkono, hela ya sasa hivi iko kwenye mikoko kwa sababu ya biashara ya kaboni. Na Dodoma ina faida moja hamjaisema, Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mtumba, NEMC wa mazingira nao wamehamia Dodoma, sera zote za bahari zinaandikwa kilomita chache toka mlangoni kwenu na watu ambao wengi wao mwamba wameuona kwenye pawapointi. Likizo aende akaombe kujitolea, sisi wa pwani tunatafuta nauli ya kuwafuata.

Dada_Majengo:

Jamani asanteni mno. Tumekaa kikao jana usiku. Mama bado hataki kusikia neno mtungi. Mzee kasema ataweka sahihi kwenye fomu za Kunduchi ila na udaktari ujazwe chaguo la tatu, binti kakubali, mimi nikanyamaza maana najua chaguo la tatu ni kumridhisha tu.

Sasa ana miezi kadhaa hapa nyumbani kabla ya chuo kufunguliwa na hataki kuja dukani kupiga fotokopi. Aanze na nini? Kuogelea nimeshaulizia, kuna sehemu Area D wanafundisha wikiendi. Hiyo R mliyosema inahitaji kompyuta ya namna gani, ninayo moja ya zamani dukani RAM 4.

Mtoto_wa_Kibaigwa:

RAM 4 itajikongoja ila kwa kujifunzia inatosha, asifungue vitu kumi kwa pamoja tu. Apakue R na RStudio, vyote bure, ila ni mafaili makubwa kidogo ashushie kwenye wifi sio kwenye bando lako. Asianze na data za matumbawe, aanze na kitu anachokijua, mwambie arekodi mauzo ya duka lako kwa wiki kadhaa achore grafu, akishaweza kusema siku gani unauza kalamu nyingi na kwanini, hayo mengine ni yaleyale.

Akikwama kwenye kusoma faili la eksel mwambie alihifadhi kama csv kwanza. Kila mtu anakwama hapo.

Dada_Majengo:

Csv ndo nini tena 😩

maji_na_udongo:

Kwenye eksel bonyeza save as, shuka chini utaiona. Kesho napita Majengo nina vitabu vya kudurufu, ntamwonyesha.